UZI: Kazi za uhasibu za muda kwa mwenye watoto wadogo. Chagua kwa kalenda ya kodi, usichague kwa saa

#1 LejaKuu (mleta uzi)

Wakuu, swali hili hurudi humu kila mara. Mtu ana diploma au digrii ya uhasibu, ana mtoto wa chini ya miaka mitano, anataka kazi isiyomfunga saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni. Aanzie wapi? Anajibiwa "jiajiri dada" au "tafuta mtu akushike mkono", na uzi unaishia hapo. Leo tuliandike kwa tarehe na hesabu. Nazungumzia Tanzania Bara, wa kwingine mtaongeza.

Wengi hupotea mapema kwa kuomba kazi ya "saa chache". Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hana haja na saa zako. Anataka ritani (fomu ya kodi anayopeleka serikalini) ifike kabla ya adhabu, mishahara itoke bila kelele, na ajue nani anamdai na nani anadaiwa. Ukimpa hayo hatauliza kama uliyafanya saa nne usiku mtoto akiwa amelala. Kwa hiyo kabla ya kutuma CV popote, tazama mwezi wa kodi ulivyo:

Tarehe 1 mpaka 7: PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea) na kodi ya zuio (inayokatwa na mlipaji kwenye malipo ya huduma), vyote vya mwezi uliopita.

Tarehe 8 mpaka 20: VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Ya mwezi uliopita inafungwa tarehe 20.

Tarehe 21 mpaka mwisho: NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kulinganisha benki na vitabu, orodha ya wadaiwa, taarifa ya mwezi kwa mwenye mali.

Mteja wa mishahara anakula wiki ya kwanza. Mteja wa VAT anakula ya pili na ya tatu. Ukibeba wateja watano wa VAT kwa sababu ndio walipaji wazuri, umejitengenezea wiki moja ya kutolala na wiki mbili za kusubiri risiti. Mchanganyiko unaobebeka ukiwa na mtoto mdogo ni huu: mmoja wa mishahara asiyezidi wafanyakazi 20, wawili wa VAT, na mmoja ambaye kazi yake haina tarehe kali, mfano shule ya awali, kanisa, msikiti au saccos ya ofisini. Huyo wa mwisho ndiye pumzi yako. Mtoto akishikwa na homa tarehe 16, kazi yake inasogea na hakuna anayepigwa faini.

Halafu tazama mwaka. Kampuni inayofunga hesabu Desemba inalipa awamu za kodi ya makadirio 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na ritani ya mwaka mwisho wake 30 Juni. Umeona? Juni na Desemba ndiyo miezi shule zinafungwa. Watoto wote wako sebuleni na wewe una mizania haitaki kukaa sawa. Dawa yake ni kuandika kwenye makubaliano kwamba nyaraka za mwaka zinafungwa mwisho wa Machi, urari wa hesabu (orodha ya salio za akaunti zote) unatoka mwisho wa Aprili, mkaguzi anachukua Mei. Mteja asiyekubali hilo atakuletea boksi la risiti tarehe 18 Juni.

Kuhusu kujisajili: TIN (namba ya mlipakodi), jina la biashara BRELA (msajili wa biashara), leseni ya halmashauri, halafu unalipa kodi kwa mauzo ghafi kama wafanyabiashara wengine wadogo. Karibuni.

#2 Kijana wa Kariakoo

Uzi mzuri. Niongeze programu. Maduka mengi ya jumla Kariakoo na wasambazaji wa barabara ya Nyerere wanatumia Tally. Taasisi zisizo za kiserikali na ofisi changa wanapenda QuickBooks. Wadogo kabisa ni Excel na daftari. Kwa kazi ya nyumbani tofauti ni kubwa. QuickBooks ya mtandaoni unaingia popote penye bando. Tally mara nyingi iko kwenye kompyuta moja ya ofisini, kwa hiyo unahitaji AnyDesk (programu ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali), na ile kompyuta ibaki imewashwa. Umeme ukikatika dukani saa tano usiku, kazi imelala. Dai UPS (betri ya dharura) kwenye ile kompyuta kabla hujakubali.

Kitu kimoja msifanye: kuweka folda hai ya data ya Tally ndani ya Google Drive ili "isave yenyewe". Drive inakamata faili katikati ya kuandikwa na data inaharibika. Funga kampuni ndani ya Tally, chukua nakala rudufu, ipe jina lenye tarehe, hiyo nakala ndiyo ipande Drive.

#3 Mama_Urari

Mleta uzi, "wateja wawili wa VAT" ni saa ngapi? Mtu mwenye mtoto mchanga hawezi kupanga bila namba.

#4 Bi Stakabadhi

Nijibu mimi. Chukua duka la kawaida: risiti 150 za manunuzi kwa mwezi, ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya risiti) 30, mistari 120 ya benki, mistari 300 ya M-Pesa ya Lipa Namba.

Risiti za manunuzi dakika 2 kila moja, saa 5.
Ripoti za Z dakika 1 kila moja, nusu saa.
Benki saa 2.
M-Pesa saa 2 ukiwa umegeuza taarifa kuwa Excel. Ukiisoma kwenye PDF kwa macho, zidisha mara mbili.
Kujaza ritani na kuikagua saa 1.
Kufukuzia nyaraka kwa simu na WhatsApp saa 2. Hili watu hulisahau kila siku.

Jumla saa 12 na nusu. Wateja wawili ni saa 25, na karibu zote zinaangukia kati ya tarehe 8 na 18. Mtoto anayelala saa moja na nusu mchana na kuingia kitandani saa mbili usiku anakupa kama saa tatu na nusu za kweli kwa siku. Siku kumi ni saa 35. Inatosha, na zinabaki saa 10 za homa, meno na umeme. Mteja wa tatu wa VAT anazimeza hizo kumi zote na kudai mbili na nusu zaidi. Ndiyo maana LejaKuu kasema wawili, na mimi namuunga mkono.

Dakika 2 kwa risiti ni kama risiti zinakuja zimepangwa. Zikija kwenye mfuko wa rambo ni dakika 4.

#5 Kalamu Nyekundu

LejaKuu, umeandika vizuri ila aya ya mwisho itawaumiza watu. Ule mfumo wa kulipa kwa mauzo ghafi hauwahusu watoa huduma za kitaalamu. Ukijisajili kama mtoa ushauri wa kihesabu unatakiwa kuonyesha mapato, kutoa matumizi, na kulipa kwenye faida kama mtu binafsi.

La pili linauma zaidi. Biashara ya kawaida inaingia VAT mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, ilikuwa milioni 100 mpaka 2023. Mtoa huduma za kitaalamu anatakiwa ajisajili VAT bila kuangalia mauzo. Maana yake ukiandika "huduma za uhasibu na kodi" kwenye maombi ya TIN na leseni bila kufikiri, unaweza kujikuta unajaza ritani yako mwenyewe kila tarehe 20, una mashine ya EFD (ya risiti za kodi), na unamuongezea mteja mdogo VAT ambayo hawezi kuidai popote kwa kuwa yeye hajasajiliwa. Nenda ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya wilaya yako, uliza kwa maandishi shughuli yako inaingia kundi gani, pata jibu kwa maandishi.

Tatu, mipaka ya sahihi. Ritani ya mwaka ya kampuni inathibitishwa na CPA (mhasibu aliyefuzu mitihani ya bodi) mwenye leseni ya NBAA (bodi ya wahasibu) ya kufanya kazi kwa umma. Kama huna, unaandaa vitabu na ratiba zake, yeye anapitia na kusaini. Usikubali biashara ya "stempu ipo, wewe jaza tu".

Kwa mwenye mtoto mdogo njia rahisi kuliko zote ni kufanya kazi chini ya mwavuli wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Zina mafaili ya wateja wadogo ambayo wafanyakazi wao hawana muda nayo, hasa Januari mpaka Juni. Wanakupa faili, unarudisha urari na viambatisho, wanakulipa kwa faili. Wateja, VAT na sahihi ni vyao. Barua yako kwao isiseme "naomba kazi yoyote". Iseme: "Naandaa vitabu kutoka risiti mpaka urari, Tally na QuickBooks, mafaili mawili kwa mwezi, siku kumi za kazi kwa faili." Mkubwa wa ofisi anaelewa hapo hapo akuweke wapi.

#6 LejaKuu

Kalamu Nyekundu, nakubali, hapo nilikosea. Wasomaji, ile aya ya mwisho ya #1 msiifuate, fuateni #5.

#7 Debiti Kushoto

Mimi naona mnawakimbiza watu kwenye kujiajiri bure. Ajira ya nusu siku ipo: shule binafsi, hospitali ndogo, maduka ya dawa. Saa tatu mpaka saa saba, NSSF inakatwa, likizo ipo, na ukijifungua tena una siku 84 za uzazi, 100 kama ni mapacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nani atakupa hayo ukiwa kibarua wa WhatsApp?

Ila kuna mtego wa kodi kwa mwenye ajira mbili za nusu siku. Mwajiri wa kwanza anakukata PAYE kwa viwango vya kawaida: mpaka 270,000 hakuna, kutoka hapo mpaka 520,000 asilimia 8, na kuendelea. Mwajiri wa pili anakata asilimia 30 moja kwa moja, kwa sababu ni ajira ya ziada.

Mfano: kila mmoja anakulipa 400,000, ukitoa NSSF ya asilimia 10 inabaki 360,000 ya kutozwa kodi.
Wa kwanza: 90,000 mara asilimia 8 = 7,200.
Wa pili: 360,000 mara asilimia 30 = 108,000.
Jumla 115,200.
Mshahara huohuo ungekuwa wa mwajiri mmoja, 720,000, kodi ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya 200,000 = 60,000.

Umekatwa 55,200 zaidi kila mwezi, na kuipata tena ni mpaka upeleke ritani ya mwaka na kuidai. Kwa hiyo ajira moja ya nusu siku, sawa. Ya pili iwe mkataba wa huduma, siyo ajira.

#8 Mama_Urari

Na kwenye mkataba wa huduma nakatwa nini?

#9 Debiti Kushoto

Kodi ya zuio asilimia 5, kama wewe ni mkazi. Ankara ya 400,000 unapokea 380,000, na 20,000 mteja anaipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Dai cheti cha kodi ya zuio kila mwezi. Usisubiri Desemba, maana mteja aliyekata na hakupeleka utamgundua siku unapofunga hesabu zako, na bila cheti ile 20,000 haihesabiki kwako.

#10 Wakili wa Sinza

Hapo kwenye "mkataba wa huduma" tuwe makini. Kichwa cha karatasi hakiamui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vitendea kazi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita.

Saa 45 ni chache. Nusu siku kwa siku kumi na mbili umeshazipita. Kwa mhasibu hii ina pande mbili. Kama unataka haki za mwajiriwa, weka kumbukumbu ya saa zako kila siku, itakusaidia CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi). Kama wewe na mteja mnataka kweli huduma, basi mkataba utaje matokeo: ritani ya VAT, ratiba ya mishahara, taarifa ya benki iliyolinganishwa. Usitaje saa za kuingia na kutoka. Tumia kompyuta yako, na uwe na mteja zaidi ya mmoja.

Vifungu ambavyo havipaswi kukosekana: siku ya mwisho ya kupokea nyaraka, nani analipa adhabu nyaraka zikichelewa, malipo ndani ya siku ngapi, notisi ya kuacha, na nani anamiliki mafaili ya Excel mkiachana.

#11 Bi Stakabadhi

Nichambue "siku ya mwisho ya kupokea nyaraka" maana ndiyo roho ya kazi hii. Mishahara: mabadiliko yote (mpya, aliyeacha, mkopo, saa za ziada) yafike tarehe 25 ya mwezi wenyewe. VAT: mauzo tarehe 3, manunuzi tarehe 10.

Kwa nini mauzo na manunuzi visiwe siku moja? Kwa sababu risiti ya manunuzi iliyochelewa haijafa. Unaweza kuidai kwenye ritani zinazofuata ndani ya miezi sita tangu tarehe ya risiti. Mauzo hayana huruma hiyo. Kila ripoti ya Z lazima iwemo mwezi wake. Ikipotea ya siku moja, jumla yako na ya mfumo hazitafanana na maswali yataanza. Kwa hiyo mteja akichelewesha manunuzi, unapeleka ritani na yaliyopo, yanayobaki yanaingia mwezi ujao, na wewe unalala. Mwambie mapema kwamba mwezi huo atalipa zaidi kidogo kwa uzembe wake. Akilipa mara moja atajifunza.

Makosa yanayorudisha kazi nyuma:

Risiti haina TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi. Haidaiki. Irudishwe dukani siku ileile, baada ya wiki muuzaji hatakubali.

Kutoa VAT kwa asilimia 18 ya jumla. Risiti ya 590,000 yenye VAT ndani, VAT yake ni 590,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 90,000. Mwenye haraka anapiga asilimia 18 ya 590,000, anapata 106,200. Amedai 16,200 isiyokuwepo.

Karatasi ya EFD kufifia. Ni karatasi ya joto. Ikiachwa kwenye dashibodi ya gari wiki moja inakuwa nyeupe. Mteja apige picha siku ya manunuzi, na namba ya uhakiki isomeke ili uikague kwenye tovuti ya TRA.

Kupeleka ritani tarehe 20 usiku. Kupeleka siyo kulipa. Lazima itoke kontroo namba (ya kulipia), bosi aipokee, aidhinishe benki. Lenga tarehe 17. Adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo siku moja ni sawa na mwezi mzima.

#12 Pwani_Hesabu

Kwa walio Unguja na Pemba msinakili kila kitu hapo juu. Kodi ya mapato na PAYE ni TRA kwa kuwa ni ya Muungano. VAT ni ya ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar), ina sheria yake na kiwango chake. Hifadhi ya jamii ni ZSSF, siyo NSSF. Mahoteli ya Nungwi na Paje yanatafuta sana mtu wa kulinganisha makusanyo ya kadi na mapato ya vyumba, na kazi hiyo inafanyika usiku ukiwa nyumbani.

#13 Kamau wa Vitabu

Niongeze ya Kenya. Huku PAYE, SHIF (bima ya afya), NSSF na tozo ya nyumba zote ni tarehe 9, VAT tarehe 20, kwa hivyo wiki ya kwanza na nusu ndiyo moto wa mishahara. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote tangu Oktoba 2024, nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Ukiona programu ya mishahara bado ina NHIF (bima ya afya ya awali), ni toleo la zamani, usilitumie.

Mwezi wetu mbaya kwa wazazi ni Aprili. Awamu ya kwanza ya kodi ni tarehe 20 Aprili, salio la mwaka uliopita ni tarehe 30, na shule zimefungwa. Mzazi wa Nairobi apange mtu wa kukaa na watoto Aprili kabla ya kupanga kitu kingine chochote.

#14 Mama_Urari

Tatizo lingine: kukatizwa. Mtoto analia katikati ya kuingiza risiti, ukirudi hujui uliishia wapi. Kuna mbinu?

#15 Kijana wa Kariakoo

Vifurushi vya 20. Kabla ya kuingiza, piga jumla ya risiti 20 kwa kikokotoo, andika juu ya kifurushi kwa penseli, mfano "K7: 1,846,500". Kila unayoingiza tia alama ya wino kwenye kona. Ukimaliza, jumla ya kwenye programu ifanane na ya penseli. Haifanani? Tafuta ndani ya 20, siyo ndani ya 150. Tofauti ikigawanyika kwa 9, mara nyingi umepindua tarakimu, 54 ikawa 45. Mtoto akilia unaacha papo hapo, na hasara kubwa kuliko zote ni risiti moja.

Kazi za kukatizwa: kuingiza risiti, kupanga mafaili, kupiga picha, kukumbusha wadaiwa. Kazi zisizokatizwa: mishahara, kulinganisha benki mwishoni, kujaza ritani. Hizi za pili zipe usingizi wa usiku au siku bibi yupo. Mishahara ya watu 20 inataka saa mbili mfululizo. Ukiikata vipande vitatu, kuna mtu atapata saa za ziada za mwenzake.

#16 Kalamu Nyekundu

Na vifaa. Kompyuta yenye SSD na RAM ya GB 8. Boksi la mafaili lenye mfuniko, liwekwe juu ya kabati. Watoto wanapenda risiti, na karatasi nyingi za joto zina kemikali za kundi la bisfenoli, siyo za kutia mdomoni. Simu ya kazi isiwe simu ya katuni: vidole vya miaka mitatu vinaweza kutuma orodha ya mishahara kwenye kundi la harusi. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na kuna sheria yake ya 2022.

Benki: omba ruhusa ya kutazama tu. Usiwe mwidhinishaji wa malipo hata bosi akikuamini vipi. Siku pesa ikipotea, asiye na uwezo wa kuitoa hana maelezo ya kutoa.

#17 Debiti Kushoto

Bei mbona mnaikwepa?

#18 LejaKuu

Hatuikwepi, inategemea mji. Kanuni ni hii: saa za Bi Stakabadhi mara bei yako ya saa, ongeza moja ya tano kwa ajili ya maswali ya simu. Tuseme, kwa mfano tu, saa yako ni 10,000. Saa 12 na nusu ni 125,000, ongeza 25,000, ni 150,000 kwa mwezi. Mtajie mteja hiyo 150,000. Usimtajie saa, ataanza kukuhesabia.

Mrundikano ni bei ya peke yake. Mteja mwenye miezi 14 hajapeleka ritani haanzi na bei ya mwezi. Unahesabu risiti, unampa bei kwa kila kifurushi cha risiti 20, nusu inalipwa kabla. Wengi huingia mkenge hapa: wanakubali 150,000 ya mwezi, wanakuta wamemaliza miezi mitatu wakichimba mwaka jana bure.

Jaribio la kazi lisizidi saa moja, na liwe la data ya kubuni. Anayekupa "jaribio" la risiti 200 za kweli anapata mwezi mmoja wa bure kutoka kwa kila mwombaji. Anayedai ada ya usajili ili akupe kazi ya kuingiza data, mwache. Anayeomba pesa za "wateja wetu wa nje" zipitie akaunti yako au namba yako ya simu halafu ukate kamisheni, mkimbie kabisa, siku polisi wakija watakuta jina lako. Na anayetaka vitabu viwili, cha TRA na chake, mwambie huna programu ya namna hiyo.

#19 Mama_Urari

Swali la mwisho. Mtoto ana miezi minne, sijaanza popote. Nianze na nini wiki hii?

#20 Bi Stakabadhi

Mtoto wa miezi minne hana ratiba, kwa hiyo usichukue mishahara wala VAT kwanza. Chukua mteja mmoja wa aina ya LejaKuu asiye na tarehe kali: kulinganisha benki na M-Pesa kwa shule au duka la dawa, mwezi mmoja nyuma. Saa 4 au 5 kwa mwezi. Andika kila siku ulipata dakika ngapi za kweli, siyo ulizotarajia. Miezi miwili hiyo itakupa namba yako mwenyewe. Ikifika saa mbili kwa siku bila kuvunjika, ongeza VAT mmoja. Mishahara iache mpaka mtoto alale usiku mzima.

Na NBAA, kama bado una masomo ya bodi, mitihani mikuu ni Mei na Novemba. Mei ndiyo mkaguzi anakutaka kwa viambatisho vya Juni. Ukiwa na mtoto na wateja, chagua Novemba.

#21 Mama_Urari

Asante dada. Kuna duka la dawa hapa mtaani, mwenye nalo hajalinganisha Lipa Namba yake tangu Machi. Hiyo ni mrundikano au ni mwezi?

#22 Bi Stakabadhi

Mrundikano. Omba taarifa ya M-Pesa kwanza, hesabu mistari, ndipo utaje bei.